Maswali ya Wafugaji: Rangi ya Manyoya Inapokataa

Toleo hili nimeamua niziweke pamoja barua zote za rangi maana zimekuwa nyingi, kuanzia kwa wafugaji wa kuku wa mapambo wa huku kwetu mpaka ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza ambako mashindano ya kuku ni ya miaka mingi. Kule Marekani American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku, ilianzishwa 1873 na mwaka uliofuata wakatoa viwango vyao vya kwanza, na viwango vya sasa vinaeleza kila aina ya kuku awe na rangi gani, mpaka yale manyoya ya chini ambayo mtu akiangalia hivi hivi hayaoni. Nina ombi moja tu kabla hatujaanza, tafadhali msichinje wala kuuza kuku kwa sababu ya rangi kabla hamjajua hiyo rangi imetoka wapi, ni jua, chakula, umri, jeraha au damu, maana ukikosea hapo unamtoa kuku mzuri halafu unabaki na yule anayeharibu ukoo mzima. Barua nimezifupisha kidogo.

Jogoo mweupe anageuka njano

*Mwalimu habari. Nina jogoo wa Light Brahma, wazazi wake niliwaona ni weupe safi wenye shingo nyeusi na mkia mweusi. Akiwa mdogo alikuwa mweupe vizuri tu, sasa amekomaa shingo na mgongo vinageuka njano kama amemwagiwa chai ya rangi. Majike wangu wote wako sawa na wanakula chakula kile kile. Jirani anasema ni mahindi ya njano, mwingine anasema jogoo si pyua. Niamini nani? – Msomaji, Ngong*

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi ndugu yangu, ndio maana inabidi umkamate huyo jogoo umchunguze mwenyewe. Msubiri jioni akishatulia, mkamate, mpeleke penye mwanga wa kutosha, kisha chomoa unyoya mmoja wa mgongoni pale penye njano zaidi na uuweke juu ya karatasi nyeupe. Sasa angalia njano imeishia wapi. Unyoya wa kuku umelaliwa na mwenzake, kwa hiyo ile sehemu iliyofunikwa haipigwi na jua wala mvua. Ukiona ncha ni ya njano lakini pale ulipofunikwa ni weupe mtupu basi hilo ni jua, na dawa yake ni kivuli tu, wanaopeleka kuku weupe mashindanoni huwafungia bandani mchana miezi ya mwisho kwa sababu hiyo hiyo. Akibadili manyoya mapya yatakuja meupe.

Kuhusu mahindi, ni kweli mahindi ya njano, majani mabichi kama sukuma na lusina, na maua yanayotiwa kwenye baadhi ya vyakula vya dukani ili kiini cha yai kiwe cha njano, vyote vina rangi inayoingia mwilini na kuku mweupe anaweza kuonekana wa malai. Lakini mahindi mengi tunayokula na kulisha huku kwetu ni meupe, kwa hiyo kabla hujalaumu chakula soma kwanza mfuko umeandikwa nini. Na unyoya mpya ambao bado uko kwenye ganda lake mara nyingi unaonekana wa njano njano, usiuhukumu huo, uache ukauke na ukomae.

Ila wewe umeniambia kitu kikubwa bila kujua, kwamba majike wako sawa. Hapo ndipo mimi nashuku damu. Weupe wa Light Brahma, na Light Sussex pia, unatokana na jeni ya fedha, yaani chembe ya urithi, na mwenzake ni jeni ya dhahabu, na hizi zinakaa kwenye kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaoamua kifaranga awe dume au jike. Kuku ni tofauti na sisi binadamu, kwao jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana na jike ana moja tu ya aina hiyo. Maana yake jike ni fedha au ni dhahabu, hana pa kuificha nyingine. Jogoo anaweza kubeba fedha upande mmoja na dhahabu upande wa pili, na kwa kuwa fedha ina nguvu zaidi ataonekana mweupe akiwa mdogo, akikomaa ile dhahabu inachungulia shingoni, mabegani na kiunoni. Ndio huyo wako inavyoelekea.

Hii kitu mmeshaiona wote hata kama hamfugi Brahma. Wale kuku wa mayai wa kahawia tunaonunua wakiwa wa siku moja, majike ni kahawia na madume ni weupe, kampuni hazibahatishi pale, wanapandisha jogoo wa dhahabu na majike wa fedha kwa hiyo kila tetea anachukua dhahabu ya baba na kila dume anaonekana fedha ya mama. Wazungu wa Uingereza walikuwa wakifanya hivyo zamani kwa Rhode Island Red na Light Sussex.

Sasa kumpima. Mweke na majike wako weupe peke yake, totolesha, halafu angalia matetea tu. Tetea anapata kromosomu hiyo kutoka kwa baba peke yake, kwa hiyo kama baba ana dhahabu basi karibu nusu ya matetea watatoka na rangi ya dhahabu mahali palipotakiwa kuwa peupe. Ukimpata hata mmoja kesi imekwisha. Na jogoo mwenye dhahabu kutoa matetea 7 mfululizo wote weupe inatokea mara 1 kwenye 128, kwa hiyo ukifika hapo unaweza kumwamini. Ila kama ana dhahabu usitupe kazi yote, wale matetea wake waliotoka weupe ni safi kabisa, wabakize uwazalishie, na wanawe wa kiume ndio wa kuwatoa maana nusu yao wamebeba kile kile alichobeba baba na kwa macho huwezi kuwatenganisha wakiwa wadogo. Watu wengi hufanya kinyume, wanabakiza jogoo mrithi kwa sababu ana mwili mkubwa, halafu miaka inapita njano haiishi.

Kitu kingine kidogo, ukiona wekundu wa kutu mabegani na sio njano ya kuenea, hiyo ni jeni nyingine tofauti na hii ya fedha na dhahabu, inawapata mpaka majike, na hiyo haina kipimo rahisi, unachagua tu kila kizazi walio wasafi.

Bluu kwa bluu, wametoka weusi

*Shikamoo mwalimu. Nilinunua Orpington wa bluu, jogoo mmoja majike watatu, kwa bei ambayo mume wangu bado anaisema. Vifaranga wametoka weusi wengine, na wengine weupe wachafu wenye madoa. Nimeibiwa? – Msomaji, Arusha*

Marahaba mwanangu, hujaibiwa, mwambie baba watoto atulie. Bluu ya kuku ndivyo ilivyo, haizai bluu tupu hata siku moja. Kuku wa bluu ana jeni moja ya kupunguza weusi, akiwa nazo mbili anakuwa huyo mweupe mwenye madoa, asipokuwa nayo ni mweusi. Ukipandisha bluu kwa bluu tegemea robo weusi, nusu bluu, robo wa madoa. Bluu kwa mweusi nusu kwa nusu. Na huyo wa madoa usimdharau hata kidogo, kwa sababu ukimpandisha na mweusi vifaranga wote wanatoka bluu. Wote. Kuku wa bluu aitwaye Andalusian ni mfano unaotajwa kwenye vitabu vya elimu ya urithi tangu miaka ya mwanzo ya 1900, enzi za mwanasayansi William Bateson ambaye mwaka 1902 alionyesha kwa kutumia kuku kwamba sheria za urithi za Mendel zinafanya kazi kwa wanyama pia na sio mimea tu.

Kasoro ya kweli kwenye bluu ni nyingine. Ni bluu isiyolingana, shingo nyeusi sana na kifua kimepauka, au unyoya mweusi mmoja mmoja uliotupwa tupwa mwilini, au ukahawia unaojitokeza mgongoni. Huo ukahawia uangalie kwa ile njia ya karatasi niliyomwambia msomaji wa Ngong, maana bluu inapauka juani vibaya. Na usipandishe bluu kwa bluu vizazi vingi mfululizo, rangi inazidi kufifia na ile pindo ya giza kwenye ukingo wa unyoya inapotea, ndio maana wafugaji wanarudisha jogoo mweusi mzuri kila baada ya muda. Kwa hiyo hao weusi wako usiwapeleke sokoni, chagua wawili watatu wenye umbo zuri ubaki nao.

Zambarau kwenye mweusi

*Australorp wangu akisimama juani ana mistari ya zambarau kwenye bawa na mkia, si kijani. Pia vifaranga wake wana nyoya nyeupe bawani. Nimuondoe? – Msomaji, Nakuru*

Nianze na vifaranga maana ndio jibu fupi, hapana. Vifaranga wa kuku weusi wa aina nyingi wanazaliwa na tumbo jeupe na ncha nyeupe za mabawa, na manyoya ya kwanza ya kurukia yanaweza kuwa na weupe, wakibadili manyoya kuelekea utu uzima inaondoka yenyewe. Weka alama mguuni, subiri. Kama amekomaa kabisa na weupe bado upo bawani hapo ndio umwondoe kwenye mbegu.

Zambarau ni kasoro kweli, viwango vinataka kijani kinachong'aa. Ule mng'ao hautokani na rangi iliyopakwa kwenye unyoya, unatokana na jinsi chembe za weusi zilivyopangwa ndani ya unyoya na mwanga unavyorudi kutoka pale, mpangilio ukibadilika kidogo tu kijani kinakuwa zambarau. Kwa hiyo kivulini huwezi kuona chochote, mweke juani na umgeuze geuze. Mstari mmoja kwenye manyoya yaliyoota kipindi alichougua au alichokosa chakula hausemi mengi kuhusu damu yake, ila akibadili manyoya zambarau ikarudi pale pale basi ni ya ukoo. Jike mzuri mwenye zambarau kidogo unaweza kumpa jogoo wa kijani safi, ila zambarau kwa zambarau usithubutu.

Je, jike akipandwa na jogoo wa jirani ameharibika?

*Silkie wangu mweupe alipandwa na jogoo wa kienyeji aliyeruka uzio. Wazee hapa wanasema hata nikimrudishia jogoo wake, vifaranga wataendelea kuchanganyika rangi milele. – Msomaji, Morogoro*

Si kweli dada yangu, na imani hii imechinjisha majike wengi wasio na hatia. Kilichopo ni kwamba jike anatunza mbegu ya jogoo mwilini, kwa kawaida wiki mbili hivi na mara nyingine hata zaidi ya tatu. Mtenge, mayai ya wiki nne kuleni nyumbani, halafu anza kuhesabu. Baada ya hapo huyo wa jirani hana chake tena.

Masizi chini ya wekundu

*Mwalimu shikamoo. Tuko Minnesota, binti yangu yuko kwenye klabu ya vijana ya 4-H na amefuga Rhode Island Red mwenyewe kutoka vifaranga. Kwenye maonyesho ya kaunti jaji alimshika tetea wake bora, akapuliza manyoya ya mgongoni, akafunua, akasema chini kuna weusi, akamshusha nafasi. Mtoto alilia maana kwa nje yule kuku ni mwekundu amekolea, amependeza kuliko wote. Mtoto anauliza kwanini wanahukumu kitu kisichoonekana na kama amzalishe au la. – Mama msomaji, Minneapolis*

Marahaba, na mpe binti pole na hongera pia, mtoto anayeuliza swali hilo atafika mbali kwenye kazi hii.

Mwambie jaji anafunua kwa sababu manyoya ya chini ndiyo yanayoeleza ukoo. Rhode Island Red walitengenezwa na wakulima wa Rhode Island na Massachusetts kwa kuchanganya kuku wa aina nyingi, wakaingizwa kwenye viwango mwaka 1904, na huo mchanganyiko wa mwanzo haujalala. Viwango vinataka wekundu ushuke mpaka kwenye ngozi, isipokuwa weusi uliopangiwa sehemu zake, yaani mkia, sehemu za ndani za manyoya ya bawa, na kwa jike vincha vya chini shingoni. Kijivu cha masizi kikionekana kwenye manyoya ya chini maana yake weusi umetoka sehemu yake unatafuta kuenea, leo uko chini, kizazi kijacho unaweza ukauona kwa juu kama vumbi jeusi mgongoni.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili ambao watu hawauongelei sana. Ukiwaondoa kuku wote wenye masizi kwa ukali, mwaka baada ya mwaka, weusi wa mkia na mabawa nao unaanza kulegea, na wekundu wenyewe unapoteza ule ukolevu, wafugaji wengi wa zamani wa aina hii wanaliamini hilo na mimi naliamini pia. Kuna kasoro ya kinyume, manyoya ya chini yaliyopauka kama pamba, na hiyo naichukia zaidi kwa sababu kuirudisha rangi iliyokwisha kupotea ni kazi ngumu kuliko kuipunguza iliyozidi. Kwa hiyo tetea wa binti yako, kama masizi ni kidogo na umbo lake ni zuri, mgongo mrefu ulionyooka, kifua kimejaa, basi azalishwe, ila apewe jogoo ambaye chini ni mwekundu safi hana masizi hata kidogo. Halafu vifaranga wakikomaa binti awafunue mmoja mmoja sehemu tatu, shingoni, katikati ya mgongo na juu ya mkia, aandike kwenye daftari na namba ya pete ya mguuni. Bila daftari rangi haishikiki jamani, kichwa kinasahau na macho yanampenda kuku aliyependeza.

Na jambo moja mama ulisimamie wewe mwenyewe. Atatokea mtu amwambie mtoto amchomoe yule kuku manyoya mabaya usiku wa kuamkia mashindano au ampake rangi. Huo ni udanganyifu mashindanoni, kuku anaweza kutolewa, na mtoto anakuwa amefundishwa wizi. Kumuosha, kumkausha, kumsafisha miguu, hayo yote ruksa.

Maswali mafupi

*Plymouth Rock wangu wa milia, jogoo ni mweupe mweupe na majike ni weusi weusi, na jike mmoja ana unyoya mweusi mtupu begani. – Msomaji, Mbeya*

Jogoo kuwa mwepesi ni kawaida, milia nayo inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, yeye anazo mbili na jike anayo moja. Zamani Marekani, ili dume na jike wafanane kwenye mashindano, watu walikuwa wanatunza koo mbili tofauti, moja ya kutolea majogoo na nyingine ya kutolea majike. Unyoya mweusi mmoja mmoja unatokea sana kwa aina hii, mimi simtoi jike kwa ajili ya huo. Ninachoangalia zaidi ni mlia wenyewe, uwe umenyooka kukatisha unyoya na usiwe na ukungu, na hapa wale wanaochelewa kuota manyoya ndio wanakuwa na milia iliyokatika vizuri zaidi, kwa hiyo usikimbilie kuwatoa vifaranga wenye mkia mfupi.

*Vifaranga wa Leghorn mweupe na jogoo wangu mweusi wametoka weupe lakini wana vidoti vyeusi. – Msomaji, Bukoba*

Leghorn weupe wengi wana weupe unaotawala, ukiwa nao dozi moja tu weusi unapenya kidogo kidogo kama hivyo. Ni chotara wazuri wa mayai, mashindanoni hawana nafasi.

*Kuku wangu mwenye madoa meupe kwenye mweusi anazidi kuwa mweupe kila mwaka. – Msomaji, Leicester*

Ndivyo madoa hayo yalivyo, kila akibadili manyoya yanaongezeka. Kwa hiyo unapochagua tetea wa kuzalisha chagua ambaye mwaka wa kwanza unamwona ana weusi uliozidi kidogo, mwenye madoa yaliyotimia akiwa mdogo atakuwa amepitiliza akifika miaka mitatu.

*Jogoo wangu mwekundu ametoa unyoya mmoja mweupe kwenye bawa, hajawahi kuwa nao. Wenzake wawili nao bawa zimeanza kupauka. – Msomaji, Kahama*

Hapa nadhani una mambo mawili tofauti. Unyoya mmoja uliotokea ghafla kwa kuku mkubwa mara nyingi ni kidonda, alidonolewa au alijigonga pale unyoya unapootea na kile kishimo kikaumia, unyoya unaofuata unakuja bila rangi, na hilo halirithiwi. Papase pale ngozi ina kovu au hapana. Ila hao wengine wawili kupauka kwa pamoja kunanipeleka kwenye chakula. Kuku akikosa laisini (sehemu mojawapo ya protini), foliki asidi (vitamini), madini ya chuma au shaba wakati anaota manyoya, rangi inashindwa kutengenezwa vizuri, na wengi wetu tunajichanganyia chakula cha pumba na mahindi kwa wingi ambacho laisini yake ni ndogo sana. Ongeza soya iliyokaangwa au dagaa wasio na mchanga, na mchanganyiko wa vitamini na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, anza sasa kabla hawajaingia msimu wa kubadili manyoya, maana unyoya ukishakomaa haubadiliki tena mpaka udondoke. Yakija mapya yakiwa mekundu niandikie, na yakija meupe tena niandikie pia, ila safari hiyo niambie na wazazi wao walikuwa wa rangi gani.